Mbegu Isirudiwe

Bwana Maji hakulipenda neno hakika. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alitazama juu, akakuna kidevu, akajibu, "Yaelekea." Ukimuuliza kama chai imeiva, na kikombe kiko mkononi mwake, alijibu vilevile. Siku moja mtani wake, muuza dagaa wa sokoni Bariadi, alimuuliza kwa sauti kama yule mtoto wa mwisho ni wake kweli, na kabla hajafungua mdomo soko zima likamjibia kwa pamoja, "Yaelekea!" Alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba nilimsikia akitamka hakika mara moja tu, mbele ya kijiji kizima, nje kidogo ya Mwanhuzi, na kwamba alilitamka kwa kuziamini hesabu nilizomfanyia mimi. Kijiji kile kilikuwa kimeahidiwa mashimo mawili ya maji. Mawili basi, kisha mtambo wa kuchimba ungeondoka. Wanawake wa pale walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa bakuli kila mwaka tangu mvua zinapokatika mpaka zirudi, na Bwana Maji ndiye aliyepewa kazi ya kusema mtambo usimame wapi. Yaliyotokea nimeyanyamazia miaka mingi, na kunyamaza kwangu kulimgharimu yeye kuliko mimi. Lakini nikianzia hapo mtadhani alikuwa mtu wa huzuni, na hakuwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu hata kwenye jua la saa nane. Mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja ya risasi na moja ya wino. Ya risasi aliinoa kila asubuhi. Ya wino sikumwona akiitumia hata siku moja. Alisema ni ya barua za serikali, na aliendelea kuibeba hata baada ya serikali kuacha kumwandikia.

Kila alipokwenda aliomba maji, na si kwa kiu. Aliyazungusha mdomoni, akatazama pembeni kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, akameza au akatema, kisha akaandika kidaftarini. Nilimwalika kwenye harusi ya binamu yangu Malampaka. Tulipoketi kula tukaletewa maji ya kunawa kwenye beseni, naye akachota kiganja akayaonja. Mjomba wangu alinitazama kana kwamba nimewaletea kichaa. Bwana Maji akamwambia kwa adabu, "Kisima chenu kifupi, baba, tena yaelekea kipo chini ya zizi. Chemsheni." Zizi lilikuwa upande wa juu wa kisima, hatua zisizofika ishirini. Mjomba hakumsamehe, lakini alianza kuchemsha.

Watafuta maji wengine wakifika kijijini huuliza maji yako wapi. Yeye aliuliza mlichimba wapi mkakosa. Alivipenda visima vikavu kuliko vyenye maji. Kuna mzee mmoja wa Migato aliyekuwa amekifunika kisima chake kikavu kwa matawi ya miiba kwa sababu ya aibu, maana alikuwa amekichimba miezi minne huku majirani wakimcheka. Bwana Maji aliyaondoa matawi mwenyewe, akateremsha kamba yenye jiwe, akapima, akaandika, akampa yule mzee mkono. "Wabeja sana, baba," akamshukuru. "Umenifanyia kazi kubwa." Mzee alitutazama tukiondoka na baiskeli zetu mpaka tukapotea, na nasikia tangu siku hiyo matawi hayakurudishwa.

Na nyumbani kwake? Hapakuwa na kisima. Alichimba mbele ya nyumba, akachimba nyuma, akachimba kwenye bustani ya mkewe na kuua mipapai miwili. Kote kukavu. Mkewe, mama wa maneno machache lakini kila moja lina makali, aliwaonyesha wageni mashimo yale kama mwenyeji anavyoonyesha mifugo. "Hapa tulikosa, na pale tulikosa. Maji ya kunywa mgeni wangu nanunua kwa dumu." Mumewe alikaa pembeni akinywa chai na kusema mganga hajigangi.

Chai nayo ilikuwa ugomvi. Mtu huyu ambaye hakuwa na uhakika na kitu chochote chini ya jua alikuwa na uhakika kwamba maji na maziwa lazima vichemke pamoja tangu mwanzo, na anayetia maziwa baadaye ameharibu vyote viwili. Angeweza kukuacha useme lolote juu ya Mungu, lakini si juu ya chai. Na kwenye isolo, bao letu la Kisukuma, alikuwa mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Alihesabu njia zote ambazo kete zingeweza kwenda, na zote ambazo mwenzake angeweza kumjibu, mpaka mwenzake anaondoka kwenda kukamua ng'ombe. Akibaki peke yake alisema ameshinda.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Bariadi yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau sura zake, sabuni za rangi, redio kaseti, nguo za mitumba kwa marobota. Pamba, ambayo baba zetu walikuwa wakikiuzia chama cha ushirika peke yake, ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani. Maofisi nayo yakaambiwa yapungue. Bwana Maji alipata barua yake ya kupunguzwa kazi akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya maji, akaisoma, akaikunja, akauliza swali moja: nani atatunza mafaili ya visima? Hakuna aliyejua. Basi akayabeba nyumbani kwa baiskeli, safari saba, na mkewe akaliondoa godoro la wageni kuyapisha.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa kupiga chapa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa Kigoma aliyelowea kwetu mpaka akajua matusi ya Kisukuma, alikuwa ameleta kutoka Dar kompyuta sita zilizokwisha tumika Ulaya, akafungua chuo nyuma ya duka lake la vitambaa. Nilihamia huko kutoka kwenye taipureta. Niseme bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo: katika mji ule hakuna aliyepiga chapa safi kama mimi. Barua yangu haikuwa na kosa. Wanafunzi wangu sita walikaa kwenye mashine sita na nilitaka kurasa sita zitoke sawasawa, herufi kwa herufi. Anayetofautiana alirudia.

Bwana Maji aliingia siku ya Ijumaa, ana diski mbili zimefungwa kwenye mfuko wa mkate.

"Mwalimu, hizi mashine Jumapili zinafanya nini?"

"Zinapumzika, baba. Kama watu."

"Watu hawapumziki. Wako kanisani wanaimba."

Akaketi, akanieleza, na kwa kuwa alinieleza vizuri nami nitajaribu. Alikuwa na visima arobaini na kimoja alivyovipima kuzunguka kile kijiji, vyenye maji matamu, vyenye chumvi na vikavu. Ardhi iliyo katikati ya kisima na kisima hakuna anayeijua. Unaweza kuchora ramani moja ya kukisia, ikatoka nzuri, laini, na ya uongo. Au unaweza kuiambia mashine ichore ramani nyingi, kila moja ikiheshimu vile visima arobaini na kimoja, lakini kwingine kote ikibahatisha kwa njia yake, kwa kadiri ardhi ya kule inavyopenda kubadilika. Kisha unazihesabu. Mahali ambapo ramani nyingi zinasema maji matamu, hapo ndipo unapoweka mtambo.

"Kama kuuliza baraza zima badala ya mtu mmoja," nikasema.

"Hivyohivyo. Ila wajumbe wasinong'onezane."

Taabu ilikuwa muda. Ramani moja ilikula saa nne za mashine, na jenereta la duka lilizimwa jioni, kwa hiyo mashine moja ingetoa ramani mbili kwa Jumapili. Alitaka ramani sitini. Kwa mashine moja zingekuwa Jumapili thelathini, na mtambo ulikuwa unafika baada ya wiki sita. Kwa mashine sita zikifanya kazi pamoja zilikuwa Jumapili tano.

"Unajua watu wakilima shamba kubwa," alisema. "Kila mtu ngwe yake. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Jioni shamba limekwisha, na mtu mmoja angelima mpaka msimu upite."

Mwenye duka alikubali haraka kuliko tulivyotarajia. Alitaka tu mafuta ya jenereta tuyalete sisi wenyewe, na mashine zirudishiwe vitambaa vyake vya kufunikia, maana mkewe ndiye aliyevishona. Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Nilianza kwenda misa ya kwanza na kuondoka kabla ya matangazo, naye akasema padri amenitazama.

Jumapili hizo tano Bwana Maji mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kule kijijini, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya kuwakuta watu nyumbani, na alitaka wazee wakubaliane njia ya kupitisha mtambo bila kuharibu mashamba. Kazi ya mashine aliniachia mimi. Alinionyesha Jumamosi, akiwa amesimama, baiskeli inamsubiri nje.

"Mashine haijui kubahatisha yenyewe," alisema. "Lazima uipe namba ya kuanzia. Namba hiyo tunaiita mbegu. Kutoka kwenye mbegu inaotesha namba nyingine zote, za ramani ya kwanza na ya pili za siku hiyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Chagua namba yoyote. Cha muhimu, mbegu isirudiwe."

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nadhani hata kabla sijajua sala ya Baba Yetu nilijua habari ya mbegu. Kila msimu mbegu mpya, inaletwa kwa lori na kugawiwa. Ya mwaka jana usiirudie. Na ukishapata mbegu, basi shamba lote mbegu hiyohiyo. Aliyechanganya mbegu mbili shambani aliharibu pamba ya kata nzima, na bwana shamba alikuja kumng'olea mbele ya watoto wake. Baba yangu alikuwa na hasira na mambo mengi ya ruksa, lakini hakuna kilichomkera kama hao wanunuzi wa malori waliokuwa wanachanganya mbegu za huku na za kule bila kujali.

Basi Jumapili ya kwanza nilichagua namba, nikaiandika kwenye mashine ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka ya sita. Nilitembea kukagua viooni. Sawasawa zote. Jumapili ya pili nikachagua namba nyingine, nikaiandika kwenye zote sita. Mbegu haikurudiwa. Nilijisikia vizuri sana. Kosa ambalo mtu hulifanya kwa uzembe hulijutia kirahisi, lakini hili nililifanya kwa umakini, nikiwa nimechana nywele.

Aliporudi kuchukua hesabu nilikuwa nimemjumlishia kila kitu. Nilimpa karatasi ndefu yenye matundu pembeni, mraba kwa mraba wa ile nchi, na kwenye kila mraba idadi ya ramani zilizosema maji matamu. Kusini mwa kijiji, karibu na mwinuko wa mawe, paliandikwa hamsini na nne. Ramani hamsini na nne kati ya sitini.

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena.

"Sijawahi kuona ardhi ikikubaliana hivi," alisema.

"Ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri mno."

Nilikwenda naye siku ya mtambo. Nilivaa gauni langu la kanisani, na wanawake wa kijiji walinicheka kwa sababu ya viatu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi mwenye koti zito, aliita mkutano kabla ya injini kuwashwa, maana wapo waliotaka mtambo usimame barabarani, karibu na maduka. Bwana Maji alieleza habari za ramani sitini. Walisikiliza kwa heshima. Kisha bibi mmoja akasimama, mikono yake imepasuka kwa mchanga wa mtoni, akasema kwa Kisukuma kwamba yeye hajui ramani, yeye anataka neno moja tu la kwenda nalo nyumbani.

Nilimtazama Bwana Maji. Nilijua atasema yaelekea, na nilikuwa tayari kucheka. Yeye alikuwa anaitazama ile mikono.

"Hakika, mayu," akamwambia mama yule.

Walichimba siku mbili. Siku ya pili mchana maji yaliruka juu ya bomba, meupe kwa povu, na vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena hata harusini. Watoto walivua nguo. Mimi nililia. Bwana Maji alipita katikati ya watu, akakinga kiganja, akanywa. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akageuka pembeni, akatema, akajipangusa midomo kwa mkono wa shati, na vigelegele vikaanza kufa kimoja kimoja kuanzia walio karibu naye.

"Chumvi," akasema.

Maji yale hata ng'ombe waliyanusa wakarudi nyuma. Jioni ile mwenyekiti aliuliza, si kwa ubaya, "Bwana Maji, ulisema hamsini na nne kwa sitini. Sasa?" Naye akajibu kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyesema hakika, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Hakunitaja. Hakuwa ananificha, masikini. Hakujua kama kuna kitu cha kuficha. Kamati ya maji ya kijiji ikamnyang'anya shimo la pili, ikalipeleka barabarani karibu na maduka, na huko walikuta mwamba mkavu mpaka mwisho wa mabomba yao. Mtambo ukaondoka. Yule bibi ndiye aliyenishika mkono wakati tunapanda gari, akaniambia nisihuzunike, nimehangaika.

Wiki ileile nilikuwa napiga chapa ripoti yake. Ripoti ilikuwa na jedwali refu la miraba na idadi, na mimi nikipiga namba huwa nazisoma kwa sauti ya chini. Hamsini na nne. Arobaini na mbili. Thelathini na sita. Kumi na nane. Arobaini na nane. Nilifika ukurasa wa tatu ndipo vidole vikasimama. Kila namba iligawanyika kwa sita. Zote, bila hata moja kukosa.

Nilielewa palepale, hapohapo kwenye kiti. Mashine sita zilizopewa mbegu moja zilikuwa zimechora ramani moja mara sita. Hatukuwa na ramani sitini. Tulikuwa na ramani kumi, kila moja imenakiliwa na mashine sita, kama mashahidi sita wa baraza la kata waliofundishwa maneno na mtu mmoja. Tisa zilisema maji matamu, moja ikasema hapana, na sisi tukadhani ni kijiji kizima kimepiga kura. Kwa kumi tu Bwana Maji asingethubutu kusema lolote. Angesema tupime tena, tusubiri, mtambo uanzie kwingine. Yeye mwenyewe, aliyehesabu njia zote za kete, hakuiona ile sita kwa sababu ya furaha.

Nilimaliza kupiga ripoti. Haikuwa na kosa la chapa hata moja. Nikampa, akashukuru, akaondoka nayo.

Nitasema sababu zangu, nazo si nzuri. Niliogopa kupoteza kibarua. Niliogopa wanafunzi kusikia kwamba mwalimu wa usahihi amekausha kijiji. Nikajiambia pengine hata kwa mbegu sita tofauti maji yangekuwa ya chumvi vilevile, jambo ambalo linawezekana na ambalo sitalijua kamwe. Nikangoja siku nzuri ya kumwambia. Siku zikawa wiki, nikaolewa, nikahamia Maswa, nikazaa, na aibu ikazoea kukaa ndani kama mgeni asiyeaga.

Habari zake nilizipata kwa watu. Walisema ameacha kutafuta maji. Walisema amerudi shamba, Migato, analima mahindi na pamba na hataki kuulizwa. Sikuuliza kwa nini.

Kilichonitoa ni binti yangu, aliyesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Alikuja likizo akanisimulia mashine za siku hizi, jinsi hesabu moja kubwa inavyogawanywa ndani ya kompyuta moja kwa mamia ya bongo ndogo, wanaziita wafanyakazi, zichore ramani za madini na mafuta chini ya ardhi. "Na unajua kosa la kwanza tunalofundishwa, mama? Kuwapa wote mbegu moja. Unadhani umehesabu sana, kumbe umejirudia. Hata maprofesa wanalifanya." Alicheka. Mimi nilitoka nje nikasimama jikoni nikiwa sina cha kupika.

Nilimkuta Migato asubuhi, ameketi kivulini mwa nyumba anapukuchua mahindi. Amezeeka. Goti moja halikunjiki. Lakini mfukoni zilikuwepo kalamu.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mayu." Akaniangalia. "Mwalimu wa taipu!"

Nilikataa kiti. Nilijua nikikaa nitaanza habari za afya na mvua. Nikamwambia, "Baba, zile ramani sitini za Mwanhuzi zilikuwa kumi."

Hakuelewa. Nikamweleza kuhusu mbegu. Mikono yake iliacha mahindi.

"Mashine zote sita?"

"Zote."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili nilibadilisha. Lakini moja kwa zote."

"Kwa nini?"

"Kwetu shamba moja haliwekwi mbegu mbili, baba. Ulisema isirudiwe. Sikuirudia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kimya, hata kwa fimbo. Sikujiandaa kwa alichofanya. Uso wake ulifunguka. Alimwita mkewe kwa sauti iliyokimbiza kuku, "Mayu! Njoo! Njoo usikie!" na alipotoka, mzee sana sasa, anajifuta mikono, alimwambia huku machozi yanamtoka, "Hesabu ilikuwa sawa. Zilikuwa kumi tu! Ardhi haikunikana. Hesabu ilikuwa sawa!" Alicheka, akalipigapiga goti lake zima kwa kiganja, akarudia kumi, kumi, kama mtu aliyesikia mwanawe yu hai. Hapo ndipo nilipojua nilichomwibia. Miaka yote hiyo mzee huyu aliamini kwamba kila alichojifunza maishani ni cha bure.

Mkewe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Na wewe ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema mwezi uliopita, kwa binti yangu.

"Wiki ileile," nikasema.

Kicheko cha mzee kilikwisha polepole. Alirudia, "Wiki ileile," kwa sauti ya mtu anayehakikisha tarehe. Kisha akaniambia kwamba baada ya mwaka ule watu wa vijiji vitatu walikuja kumwomba awatafutie maji, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa miguu kutoka mbali, na wote aliwarudisha. Aliwaambia hajui kazi hiyo, wamtafute anayejua. Alivitaja vijiji vile vitatu kwa majina, taratibu, nami nikabaki nimesimama.

"Umekasirika, baba," nikasema.

"Nimekasirika. Sana. Lakini leo nina furaha mno, itanichanganya." Akaokota gunzi, akalitupa, akaokota lingine. "Njoo kesho, unikute nimekasirika vizuri."

Nililala kwa jamaa zetu palepale Migato, na kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa uani kwake. Nilimwamkia. Hakuitikia, na kwetu mtu mzima akiacha kuitikia salamu yako umeshapigwa. Mezani alikuwa ameyapanga mafaili ya visima, yameliwa na mchwa pembeni, na juu yake karatasi yenye majina ya vile vijiji vitatu. Kijiji alichokirudisha kwanza ndicho kilichoandikwa juu, ndicho cha kuanza kutafutiwa maji.

Akanisogezea kiti kwa mguu wake mzima. Nikakaa.